Nilipokwenda Mkokotoni Kuwatazama Wakwe

Jumapili. Mawingu mazito toka alfajiri, mvua imegoma kunyesha, na mimi niko vizuri kuliko nilivyotarajia.

Leo nimekwenda Mkokotoni, peke yangu. Mwanangu Salma ameposwa na kijana wa huko, Vuai, fundi umeme anayefanya kazi hapa mjini. Kaka yangu hataki hata kusikia. Anasema watu wa shamba hatuwajui. Nikamwambia basi nakwenda mimi nikawajue. Salma nimemlea bila ya baba, kwa cherahani yangu, sihitaji wa kunishika mkono.

Mama yake Vuai, Bi Mize, ndiye aliyenialika, na alinipokea sokoni, pakacha la samaki mkononi. Mwanamke mfupi, mkavu, anatembea mbele bila ya kugeuka. Nikamfuata na haluwa yangu. Nyumba zikaisha upesi, tukaingia njia ya migomba na muhogo, halafu bonde la mpunga, kijani kitupu mpaka kwenye minazi. Nikajisemea, pazuri. Salma akija kutembea huku atapumua.

Katikati ya bonde Bi Mize akasimama.

"Bibie, kabla hujaingia kwangu kuna neno. Vuai alishaoa, wakaachana. Ana mtoto wa kike, nnaye mimi. Salma anajua. Nnaona wewe hujaambiwa."

Nikakaa kwenye tuta. Baibui likaingia matope. Uso uliniwaka, na si kwa sababu ya mtoto. Iliniuma kuwa mgeni ndiye ananipa habari za nyumbani kwangu.

Naye akakaa.

"Sikukwita kukuonesha nyumba," akasema. "Nnataka Asya akakae na baba yake, asome mjini. Lakini Vuai na Salma wataanzia maisha kwako, na mimi simpeleki mtoto kwa mtu nisiyemjua. Ukinambia hapana sitochukia. Atabaki na mimi."

Kumbe mimi ndiye niliyekuwa natazamwa.

Ningeweza kurudi sokoni nikapanda gari, na kaka yangu angefurahi. Badala yake nikamuuliza ile ndoa ilivunjika kwa nini. Hakumtetea mwanawe. Alisema alikuwa mdogo, mkali wa maneno, mke akachoka.

"Sasa ametulia. Lakini mimi mama yake, usiniamini mimi tu. Uliza na wengine."

Hapo ndipo nilipomwamini.

Nikainuka, nikajikung'uta, nikamwambia twende, njaa inaniuma.

Asya tulimkuta barazani, nywele nusu zimesukwa, nusu bado. Akaniamkia shikamoo kwa sauti ndogo, akakaa mbali akinitazama nikila muhogo wa nazi. Kisha akasogea. Akasogea tena.

"Nyumba yenu ya mjini ina ngazi kweli?"

Nikamwambia zipo, nyingi, na zinaniumiza magoti. Akacheka mpaka akaziba mdomo. Bi Mize alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa, lakini nilimuona akitabasamu.

Niliporudi nilimkuta Salma jikoni anakanda mandazi, nikamkalisha. Nikamuuliza kwa nini amenificha jambo kubwa kama hili. Akazungusha pete yake, kisha akasema, "Nilikuogopa, mama."

Hilo nalirudia moyoni tangu jioni. Mimi najisifu kuwa sina makuu, nasema wazi, na kumbe huko kusema kwangu kumemfunga mdomo mwanangu mwenyewe. Sitajificha nalo. Ni langu, nitalifanyia kazi.

Lakini sikumwacha hivi hivi. Nimemwambia Vuai aje, akae mbele yangu na mbele ya mjomba, aseme kwa mdomo wake yale aliyoyasema mama yake. Akiyasema bila ya kujikosha, tutataja siku. Na nitauliza na wengine, kama nilivyoambiwa. Salma akalia, akanikumbatia, akaniachia unga wa mandazi mgongoni.

Kesho asubuhi nakwenda kwa kaka yangu. Atasema sana. Nitamwacha mpaka amalize, kisha nitamtolea simu nimuoneshe picha niliyompiga Asya na nywele zake nusu.

Harusi bado haijatajwa siku, na mimi mjukuu nshampata.