Bawa lisilonyooka

Kiambere

Mami, mko aje huko Mikinduri? Huku ni joto, vumbi, na mawingu yanayopita bila kutuachia mvua.

Nimefikia kwa Mzee Nyaga, mfugaji nyuki. Kazi yangu ni kupiga picha mabawa ya nyuki wake, halafu kompyuta inapima umbo na mishipa yake tujue kama wana afya. Leo mzee aliniletea chai akauliza, "Hiyo mashine imesema aje?" Nikamwambia imesema ni wazima. Akanionyesha chini ya mzinga, ambapo nyuki wenye mabawa yaliyokunjamana walikuwa wakitambaa, hawawezi kuruka. "Na hawa nao?"

Hao ndio wagonjwa, Mami, na kompyuta haiwapimi. Bawa lisilonyooka inalikataa, inadai picha ni mbaya, kwa hivyo imepima wazima peke yao. Nimeanza upya, kwa macho na rula.

Mzee amekutumia chupa ya asali. Hakusema ni ya mwisho, lakini rafu yake niliiona iko tupu. Tia kwa uji kidogo kidogo. Ukikuta bawa ndani, usilitupe. Niwekee nilipime.

Mwanao,
Kinya