Jani la Chuma Ofisini Kwako

Kaka yangu,

Barua hii ikukute mzima, na mgongo uliokuwa ukikusumbua uwe umekuachia angalau ulale. Wifi na watoto nao wawe salama. Huku sote hatujambo. Nimeandika "sote" kwa makusudi, maana kwa jinsi ulivyoongea na shangazi, mtu angedhani Mama yuko kitandani anapigania pumzi. Hayuko. Asubuhi ya leo amekula akashiba, amemgombeza muuza maziwa, na ameniambia kwamba nywele zangu zinanuka moshi.

Shangazi amenifikishia maneno yako yote, hata yale uliyomwomba ayapunguze makali. Kwamba Jumamosi unakuja na gari kumchukua Mama akaishi kwako. Kwamba nyundo yangu inamuua taratibu. Kwamba mwanamke wa umri wangu, aliyezoea kubishana na wakubwa magazetini, sasa amejifungia bandani anafua vijani na vikonokono vya chuma visivyomfaa mtu yeyote. Na kwamba majirani wanauliza kwa nini madirisha ya banda nimeyaziba kwa magunia mchana kweupe.

Nianze na magunia, kwa kuwa ndiyo yanayowanyima watu raha. Chuma kikiwa motoni hujulikana kwa rangi. Huanza na wekundu uliofifia, ikaja rangi ya chungwa, halafu manjano, na hapo ndipo kinapokubali kupindwa. Juani rangi hizo hazionekani. Unadhani bado, kumbe kimeshapitiliza. Unakitoa kinarusha cheche na ncha yake imeliwa. Ndiyo maana tunafanya kazi kwenye giza. Huo ndio uchawi wangu wote. Nilimweleza hivyo hivyo fundi viatu wa hapa jirani. Akanijibu kwamba amenielewa vizuri sana, ila ataendelea kupita upande wa pili wa barabara. Na apite.

Ama kuhusu vitu visivyo na faida, hoja hiyo ni ya kivivu na haikustahili mtu wa akili zako. Sebuleni kwako kuna kabati la vioo limejaa sahani ambazo hakuna aliyewahi kuzilia. Juu ya televisheni kuna maua ya plastiki, kazi yake kukusanya vumbi. Hayo yanaitwa heshima ya nyumba. Lakini mimi nikiokota kipande cha nondo kilichotupwa na mafundi ujenzi, nikakilaza juu ya kile kipande cha reli ambacho ndicho fuawe langu, nikakipiga mpaka kikawa bapa, nikakichora mishipa ya jani kwa tindo, huo unaitwa wazimu. Tofauti ni nini, kaka? Kwamba vyako vina risiti? Nimeandika makala nyingi maishani, na nyingi kati ya hizo zimeishia kufungia misumari dukani. Jani langu hakuna atakayefungia kitu. Siliuzi, silionei haya, wala siombi ruhusa ya kulifua.

Sasa tuje kwa Mama. Kaa chini kwanza.

Ulipiga simu ukamsikia anahema, nyundo inalia nyuma yake, ukahukumu papo hapo. Hukuuliza. Ungeuliza, labda angekudanganya, lakini ungekuwa umeuliza. Alikuwa anahema kwa sababu mkono mmoja ulishika simu na mwingine ulikuwa unazungusha feni ya kupulizia moto.

Ndiyo, Mama. Unakumbuka baada ya msiba wa Baba alivyokuwa anakaa barazani kutwa nzima, kila unachomwambia anajibu "sawa"? Siku moja aliinuka akaja bandani kunifokea kwa ajili ya kelele. Akautazama moto wangu, akasema huo moto au mgonjwa, akageuza ndoo akaikalia na kuushika mpini wa feni. Hajauachia tangu hapo. Halafu akaitaka na nyundo. Siku hizi vitu vidogo ni vyake. Mimi nimebakiziwa kukata vyuma. Alinikataza nisikwambie, akisema ukijua utakuja kumbeba kama mzigo. Jana shangazi alipoleta ujumbe wako, Mama aliniambia nikuandikie kila kitu, na nisirembe.

Kwa hiyo sirembi. Lile jani la chuma unalotundikia koti ofisini, alilokuletea wifi bila maelezo, ambalo huwaambia wageni kwamba limetoka ng'ambo, ukiwaonyesha ile ncha iliyochanika na kusema hapo ndipo unapouona mkono wa msanii, ni kazi ya kwanza ya mama yako. Alichoshwa na giza, akafungua mlango ili aone vizuri. Jua likaingia, rangi ikampotea, ncha ikaungua. Mimi nilitaka kulitupa. Akasema hapana, apelekewe mwanawe, hatajua. Wifi aliposimulia unavyolisifu, Mama alicheka mpaka akashindwa kusimama.

Umelipenda kabla hujajua ni la nani. Hilo huwezi kulikanusha, na mimi sitakuruhusu ulikanushe.

Basi njoo Jumamosi. Geti litakuwa wazi. Ila Mama hafungi sanduku, na gari utarudi nalo tupu. Anasema usivae shati jeupe, maana feni inahitaji mtu, na mgongo usiwe kisingizio kwa sababu ndoo ya kukalia ipo. Ukiingia bandani, funga mlango nyuma yako. Jua linatuharibia kazi.

Msalimie wifi, mwambie ametunza siri vizuri kuliko sisi sote. Wabusu watoto kwa niaba ya bibi yao, ambaye mikono yake kwa sasa ni myeusi.

Ni mimi mdogo wako, uliyenibandika jina mwenyewe,

Kelele