Bisibisi ya Mpini Mwekundu

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuacha upumue. Mama naye mwambie miguu isipopoa aende hospitali, asingoje kubembelezwa. Mimi sijambo, bado ni karani wa shule, ingawa wiki iliyopita kibarua kilikaribia kuota nyasi.

Unakikumbuka kile kitambaa cha kufuma alichonipa Mama. Nilikitandika juu ya kompyuta ya ofisi, nikaweka na chupa ya maua, maana ofisi bila maua naiona stoo. Jumatatu asubuhi upepo ukalisukuma dirisha, likaipiga chupa, na maji yote yakaingia ndani ya kasha kupitia matundu ya juu. Kioo kikazima. Humo ndimo zilimokuwa alama za miaka miwili za darasa la mwisho, nakala nyingine hatuna, na zilitakiwa kupelekwa Ijumaa hiyohiyo. Bila alama hizo watoto wasingeruhusiwa kufanya mtihani.

Nilichomoa waya ukutani kabla sijavuta pumzi. Mkuu wa shule akaja, akataka tuiwashe tuone kama ina uhai. Nikakataa. Akasema basi tuianike juani. Nikakataa tena. Akanikumbusha kwamba fundi atakuja baada ya wiki mbili, na kwamba kazi yangu ni kuchapa, si kufungua mali ya shule. Walimu walishajazana mlangoni kumtazama mwanamke anayetafuta kufukuzwa. Nikasimama mbele ya swichi, nikamwambia, "Mwalimu, ukitaka kuiwasha, nifukuze kwanza."

Hakunifukuza. Alisema ikifa, nikabidhi funguo za ofisi siku hiyohiyo. Nikakubali.

Nikaifungua ubavu. Nilichomoa kila kinachochomoka, nikichora kwenye karatasi kila waya ulikotoka, kama ulivyokuwa ukifanya kwa redio za watu. Maji ya maua yana uchafu, kwa hiyo sikuridhika na kufuta, nilisugua taratibu kwa mswaki mpya na spiriti ya duka la dawa. Kisanduku cha umeme sikukigusa ndani, maana wewe ndiye uliyesema umeme hujificha humo hata waya ukichomolewa. Nikavipanga vyote mezani mbele ya feni, siku tatu. Mkuu alipita kila mapumziko akijikohoza, na mimi nikaendelea kuandika barua za shule kwa mkono, sikumwinulia hata jicho.

Alhamisi mchana nikaunga, nikawasha. Feni ya ndani ikazunguka kidogo, ikasimama. Baba, nililia, tena mbele za watu. Kisha nikazima, nikachomoa kipande cha kumbukumbu, kile wanachokiita RAM, nikakisugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, nikakirudisha na kukikandamiza mpaka kikakaa sawasawa. Ikawaka. Alama zote zimo. Mkuu akawatangazia walimu kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Nilimwacha ajisifu, ila habari ya chupa ya maua niliikiri palepale kuwa ni kosa langu.

Na kwa kuwa nimeshaanza kukiri, nimalize. Uliniambia karakana si mahali pa msichana, ukanipa kazi ya kukushikia tochi. Miaka sita, Baba. Ulidhani namulika tu. Ile bisibisi ndogo ya mpini mwekundu, uliyomfukuzia kaka karakana ukimwita mwizi, hakuiiba yeye. Niliichukua mimi, siku ile uliposema utamfundisha yeye asiyetaka, ukaniacha mimi ninayetaka. Nilinyamaza akiadhibiwa kwa ajili yangu, na kwa hilo naona aibu mpaka leo. Nimeshamwandikia kumwomba radhi. Wewe nawe mwombe kwa sehemu yako.

Kwa kuichukua sikuombi radhi. Ndiyo iliyoifungua kompyuta hii, na siirudishi. Ukiihitaji, njoo huku na redio yoyote iliyokushinda. Nitaifungua mimi, na safari hii tochi utashika wewe.

Wasalimie majirani wote. Mama mwambie kitambaa chake nimekifua, sasa kiko juu ya kiti changu, na maua yako dirishani, mbali na umeme.

Nakupenda, na sijarudi nyuma hata hatua moja.

Ni mimi binti yako,
Fundi