Hukumu Niliyoipiga Chapa

Bunju, 4 Machi 2024

Baba, shikamoo. Kikohozi kimepungua? Huku sie wazima, mama anasali tu.

Leo wakili Tekla amefungua ombi letu mahakamani. Anasema Katiba inakuhesabu huna hatia mpaka uhukumiwe, basi sheria iliyokunyima dhamana miaka minne, kisa mzigo wa mwenzio uliompokelea stendi ya Ubungo ukakutwa na dawa za kulevya, haiwezi kusimama. "Katiba ni kitu hai, Koku," kaniambia. "Isomwe kwa maisha ya leo." Nimetoka pale natembea kama nimeshakabidhiwa wewe.

Mwanao,
Koku

Mahabusu, 19 Machi 2024

Koku mwanangu, marahaba. Kifua ni kilekile, ila usingizi napata. Msalimie mama yako.

Mkumbushe Tekla kuna hukumu ya zamani ya mahakama ya juu iliyoikubali sheria hiyo. Naijua. Enzi za ukarani wangu mahakamani niliipiga chapa mwenyewe, kurasa thelathini na moja. Utaratibu huu tuliurithi kwa Waingereza: walio juu wakishaamua, wa chini anafuata. Siku ile sikusoma nilichokuwa naandika. Nilikuwa nawahi mpira.

Baba yako

Bunju, 2 Desemba 2024

Shikamoo baba. Pole na homa, dawa nimeziacha getini.

Tumeshindwa. Jaji kavua miwani, kamwambia Tekla: "Hoja yako naiona, wakili. Lakini hukumu ile inanifunga. Wa kuigeuza ni walioko juu." Tumekata rufaa. Watakaa majaji saba, na hao wanaweza. Baba, nakuomba usichoke kabla yangu.

Mwanao,
Koku

Mahabusu, 14 Agosti 2025

Koku, marahaba, najua umeniamkia. Mlifika salama juzi kutoka mahakamani?

Sijui kama kule nyuma mlisikia. Asubuhi ileile, kabla ya rufaa, waendesha mashtaka waliifuta kesi yangu. Majaji wakauliza, mtu yuko huru, sasa tuamue nini? Wakaitupa rufaa bila kuisikiliza. Hukumu ya zamani imebaki ilivyo.

Nikatoka nje. Nilikuona umeshika shati langu la bluu, nikainua mkono, askari akanigusa bega, akanikamata upya. Shtaka ni lilelile, namba ya kesi mpya. Upelelezi unaanza upya, na ile miaka haihesabiki.

Mwambie Tekla asante, apumzike. Na mama yako akiuliza narudi lini, usimtajie tarehe.

Baba yako