Kengele Iliyozuiwa Posta

Aberdeen, 3 Novemba

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na goti limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo, ila upepo wa Aberdeen hauna huruma.

Baba, lile jiko la makaa ya mawe la sebuleni linaninyima raha. Bomba lake la moshi halijasafishwa tangu Mama alipofariki. Najua hutaki kusikia habari za fundi, kwa hiyo nimekununulia mtandaoni kengele ndogo inayolia hewa ya sumu ikijaa chumbani. Hewa hiyo hutoka kwenye makaa bomba likiziba, na haina harufu. Itakuja kwa posta. Iweke karibu na jiko. Nimeshalipa kila kitu, hata gharama ya kuituma.

Na ahadi yetu ni ileile. Tangu wale matapeli wa "mzigo wako umekwama" wakombe akiba yako, usimlipe mtu yeyote anayekudai kwa ajili ya kifurushi.

Mwanao,
Nerys

Ferndale, 14 Novemba

Binti yangu Nerys,

Marahaba. Mimi ni mzima, isipokuwa kichwa. Kinaniuma nikikaa ndani. Nikienda kanisani kuimba kinaachia. Nadhani ni miwani.

Kengele haijafika. Kilichofika ni utapeli mwingine. Alun, mleta barua, amesukuma kadi mlangoni: eti kuna kifurushi kimezuiwa kwa sababu stempu hazitoshi, nilipe pauni tano. Nilimfuata barabarani na viatu vya ndani.

"Alun, umejiunga na wezi lini?"

"Mzee Emlyn, kadi ni yetu. Aliyekutumia kabana matumizi, basi. Lipa uchukue mzigo wako."

"Binti yangu amelipa kila kitu. Anayedai mara ya pili ni nani, kama si mwizi?"

"Miaka yote hii nakuletea barua, leo ndio niwe mwizi?"

"Ndiyo maana wamekutuma wewe!"

Bibi Prosser, jirani, alicheka mpaka akashika ukuta. Kadi nimeitia motoni. Ahadi nimeitimiza.

Baba yako,
Emlyn

Aberdeen, 19 Novemba

Baba,

Shikamoo. Pole kwa kichwa, kapimwe macho.

Nisamehe, Alun alikuwa akisema kweli. Nimemwandikia muuzaji naye amekiri: alibandika stempu ya barua kwenye kifurushi. Wateja wake wengine nao wamedaiwa. Posta haimfuati yeye, humdai anayepokea. Tafadhali nenda ofisini kwao na kitambulisho, lipa, uchukue kengele. Ningekupigia, lakini kwenye simu husikii neno.

Mwanao,
Nerys

Ferndale, 28 Novemba

Binti yangu,

Marahaba. Nilichelewa kwa sababu ya theluji. Nilipofika, mama wa dirishani akaniambia muda wa kukitunza kifurushi umekwisha, kimerudishwa kwa muuzaji.

"Si uliachiwa kadi, babu?"

"Niliichoma."

Foleni nzima ikanitazama. Nilijua wanawaza nini.

Alun nimemwomba radhi. Amesema, "Achana nayo, Mzee. Siku hizi hata mimi siziamini kadi zetu."

Usijali kuhusu baridi. Nimeziba nyufa zote za madirisha kwa magazeti, na blanketi nimelilaza chini ya mlango. Nyumba ina joto kama enzi za mama yako. Ila usingizi umenizidi. Jana nilisinzia kitini baada ya chai, nikaamka mchana wa leo. Mazoezi ya kwaya yamenipita. Niwie radhi kwa mwandiko.

Baba yako,
Emlyn

Ndani ya treni, 9 Desemba

Baba,

Shikamoo. Barua yako ya mwisho niliisoma nikacheka habari za foleni, nikaiweka. Jana usiku nimeisoma tena, nikafika kwenye usingizi wako na nyufa ulizoziba.

Muuzaji ametuma kengele nyingine, stempu kamili. Leo asubuhi posta ikaniandikia mtandaoni: "Hakuna aliyefungua mlango. Amepokea jirani, Prosser." Nikampigia. Anasema mapazia yako hayajafunguliwa tangu Jumapili, naye alidhani umekuja kwangu. Amekwenda kumwita Alun wavunje mlango.

Simu iko mapajani. Haijalia.

Nilikukataza kulipa, Baba. Mimi ndiye niliyekukataza, nawe ukanitii kama mtoto. Naandika kwa sababu sijui mikono yangu niifanyie nini. Barua hii siipeleki posta. Nitakukabidhi mwenyewe.

Mwanao,
Nerys