Maharage Uliyotuachia Majini

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ambayo hukuamka, na maharage uliyoyaloweka jioni iliyotangulia yakabaki majini, juu ya meza ya jikoni.

Ulikuwa fundi cherehani, na hakuna aliyetoka kwenye chumba chako cha mbele na nguo tu. Ukimzungushia mtu tepu kiunoni, unamuuliza amekula nini. Akijibu mkate mweupe na soda, unaguna, pini zikiwa mdomoni, kisha unamweleza: nafaka isiyokobolewa ijaze nusu ya sahani, maharage au dengu pembeni, mboga za msimu, na mtu aache kula kabla tumbo halijamwambia basi. Wengine walikuja kupunguza suruali wakaondoka na mtama kwenye mfuko wa karatasi. Tulikuonea fahari, hata pale tulipojifanya hatukujui.

Kwa kutafuna hukuwa na msamaha. Kijiko kinawekwa chini, mikono inatulia, tonge linatafunwa mpaka liwe uji. "Tumbo halina meno," ulituambia. Sisi tulibugia tukawahi kutoka. Wewe ulibaki mezani, unatafuna taratibu, umetulia kama mtu anayesikiliza habari njema.

Baba ndiye aliyekuwa mtihani wako. "Leo tena chakula cha kuku?" anauliza akifunua sufuria ya wali wa mchele wa kahawia. "Na kuku wangu mbona hatagi?" unamjibu, naye anacheka mpaka anakaa na kula. Ukimfuma na keki, unasema sikio la kufa halisikii dawa. Kumbe wewe ndiye ungetangulia.

Msibani watu walinong'ona: na kujinyima kote kule! Hawakukujua. Hatujaona mtu aliyeifurahia sahani yake kuliko wewe. Wala hukuwahi kusema chakula kinamfungia kifo mlango. Ulisema kinamfanya mtu awe mwepesi katika siku alizopewa, na wewe ulikuwa mwepesi hadi ya mwisho.

Lakini Baba aligoma kula. Sahani za majirani zilirudi kama zilivyokuja, naye ni mtu wa vidonge visivyomezwa tumbo likiwa tupu. Tuliogopa sana. Jioni ya siku ile ile, wifi yako akabeba sufuria uliyolowekea ili amwage maharage.

"Dada, acha!" Baba akasema. "Hayo kaloweka yeye."

Akavaa aproni yako, mtu asiyejua hata kuchemsha chai, akayapika mwenyewe. Na chumvi akaitia mwanzoni kabisa, kosa ulilolikemea miaka yote, eti maharage yakionja chumvi mapema hununa.

Yalinuna kweli. Yalitoka magumu kama vifungo vya shati. Ikabidi tuweke vijiko chini. Tukatafuna, Mama, sote, taratibu, kama ulivyotuomba maisha yako yote. Baba akamaliza sahani yake.

"Mama yenu kashinda," akasema, machozi yakimtiririka. Kisha akaomba maji ya kumezea vidonge.

Siku hizi yeye ndiye anayeloweka kila jioni, na chumvi anaitia mwisho. Ya kesho tayari yako majini.

Unakumbukwa na mumeo, wanao na wakwe zako, wajukuu zako wanaobugia kama sisi tulivyobugia, wifi yako, na wateja wote uliowapima viuno na kuwauliza wamekula nini.

Kila tonge litatukumbusha wewe, Mama.