Faili ya Kabibi

Jumatatu, 14 Julai 2025

Diski imeanza kugonga. Ndani mna ushahidi wetu wote — video arobaini na moja za wazee wa hapa Magarini, nilizorekodi miaka mitatu tangu niwe katibu wa kikundi chetu cha kutetea ardhi. Kikao cha kusikiza kesi yetu ya ardhi ni Alhamisi. Nakala nyengine sina. Ujinga wangu, nauandika nisije nikajidanganya.

Nimeipeleka Malindi kwa Dedan, fundi wa kompyuta. Kaitegea sikio, kasema imechoka, niisahau. Nikamwambia sikuja kuuliza kama itapona. Nataka kilichomo.

Jumanne, 15 Julai

Dedan kakubali. Meza ya nyuma, feni, na sharti: faili moja moja. Ikipata moto, tunazima tungoje ipoe.

Nilianza na ya Kabibi. Alinionyesha makaburi matano ya wazazi na babu zake, moja moja kwa majina, ndani ya shamba ambalo mwekezaji adai halikuwa na watu. Kabibi alifariki Machi. Wengine naweza kuwarekodi tena.

Ikakwama kwenye asilimia kumi na mbili. Dedan kasema tuiache mwisho, isije ikaua diski na wengine wote humo. Imeniuma. Nimekubali.

Jumatano, 16 Julai

Thelathini na tatu zimetoka. Baadhi hazina picha, sauti ipo — yatosha! Saba zimekufa. Imebaki ya Kabibi.

Mwenyekiti wetu, Hesbon, kapiga simu. Wakili wa mwekezaji ataka tutie sahihi tubaki na nusu ya shamba. Kaniuliza kama ya Kabibi ninayo. Bado, nikasema. Basi tutie sahihi, kasema, nusu shari kuliko shari kamili.

“Jina langu usilitie,” nikamwambia.

Kasema ana watoto. Mimi sina?

Nyevu, binti Kabibi, kaja dukani jioni. Dedan kamweleza wazi: tukiijaribu tena, huenda diski isiwake tena kamwe. Nyevu kaiangalia sana.

“Mama alisimama mbele ya tingatinga,” kasema. “Iwasheni.”

Kesho asubuhi, ikiwa imepoa.

Alhamisi, 17 Julai

Saa nne kasorobo. Naandika papa hapa dukani. Asilimia sabini na nne — imesimama. Yagonga. Nyevu kaisogeza feni karibu. Dedan kafungua kipande kilichokwisha kutoka: Kabibi yuko kaburi la tatu, anataja jina la babake. Yamebaki mawili.

Hesbon kapiga kutoka kikaoni. Wakili keshaweka karatasi mezani, na kalamu juu yake. Sisi ndio tunaofuata. Nimemwambia kalamu asiishike. Aombe tusikizwe mwisho.

Kasema watamcheka.

“Wacha wacheke. Simama.”

Sabini na tano!

Simu hajaikata. Nasikia kiti kikisukumwa nyuma. Nasikia akikohoa, kisha sauti yake, ndogo: “Mheshimiwa, naomba—”